Inaumaje, Mzee?

Vifaa vyake vyote vinaenea ndani ya kopo la maziwa ya unga: uma wa chuma wenye meno mawili, nyundo ndogo yenye kichwa cha mpira, pamba, pakiti ya vijiti vya meno, na kishikio cha plastiki chenye uzi mfupi wa nailoni unaochomoza kwenye ncha. Kijiti kikishamgusa mgonjwa mmoja hutupwa. Uma hufutwa kwa spiriti na kurudishwa koponi taratibu, usije ukagonga bati na kulia kabla ya wakati wake. Mezani kuna kalamu nyekundu na rundo la karatasi zilizochorwa umbo la mtu, mbele na nyuma, asiye na uso wala nguo.

Hii ni kliniki ya Alhamisi katika hospitali moja ya Tanga. Niliruhusiwa kukaa pembeni asubuhi nne, kila mgonjwa akiulizwa kwanza kama ananiridhia, kwa sharti moja la daktari: ninyamaze. Nilikuja nikidhani nitaona mashine. Mashine ya kupima mwendo wa neva haipo pale, na kufika Alhamisi ya pili nilikuwa nimeshaacha kuitafuta kwa macho.

Neva, ambazo wengi wetu huziita mishipa ya fahamu, kazi yake ni kupeleka habari. Kidole kikiungua, neva huupasha ubongo habari, na hapo haina kosa. Balaa huanza neva yenyewe inapougua. Hutangaza moto pasipo na moto, hukaa kimya panapochomwa, au hufanya yote mawili katika unyayo uleule. Maumivu ya namna hii hayaijali sana panado. Hudumu miezi, hata miaka, na asili zake ni nyingi: kisukari, mkanda wa jeshi, ukoma, VVU, diski ya mgongo iliyochomoka, upungufu wa vitamini, wakati mwingine dawa zenyewe. Mgonjwa huingia na neno moja tu, "inauma", na daktari huyu hulifungua neno hilo kama mtu anavyofungua fundo la uzi, kwa kucha, bila kuvuta.

Mgonjwa wa kwanza niliyemwona alikuwa fundi seremala wa miaka 60 na kitu, mwenye kisukari kwa mwaka wa kumi na moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dokta. Miguu hii inaniuma."

"Pole sana, mzee wangu. Inaumaje?"

"Inauma tu."

Daktari akaweka kalamu chini. Hakumpa maneno ya kuchagua. Feni ilizunguka, nje mtu akaitwa namba, mzee akaitazama miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha akasema: "Inafukuta. Kama umekanyaga majivu ukidhani yamepoa, kumbe." Hapo ndipo kalamu iliponyanyuka, na sentensi ile ikaandikwa ilivyo, pamoja na ile "kumbe".

Baadaye daktari aliniambia kwamba Kiswahili humsaidia nusu ya kazi, mradi mtu apewe nafasi ya kukisema. Jino au jipu huwanga na kupwita. Tumbo husokota na kukeketa. Neva iliyougua huwa na maneno yake: hufukuta, huwaka, huchomachoma kama sindano, hutambaliwa na sisimizi, hupiga shoti, hufa ganzi. Madaktari wa Ufaransa walitunga dodoso la alama kumi kwa ajili hiyo, likachapishwa mwaka 2005: maswali saba ya namna maumivu yanavyosikika na vipimo vitatu vya ngozi, na mwenye kufikisha nne hushukiwa kuwa na maumivu ya neva. Analo, limebandikwa ukutani. Lakini kwa wazee haanzi nalo, kwa sababu mzee mstaarabu akiulizwa "je, inawaka?" hujibu ndiyo kwa adabu tu.

Maswali yaliyofuata yalikuwa ya saa na mahali. Usiku au mchana? Shuka likikugusa? Ilianzia kidole gani? Imepanda mpaka wapi, na kwa muda gani? Kisha akamsogezea karatasi yenye umbo la mtu na kumpa kalamu nyekundu. "Chora wewe, mzee." Mkono uliozoea penseli ya seremala ulichora vizuri kuliko ambavyo mimi ningechora: mstari kuzunguka kila kifundo cha mguu, na chini yake wekundu mtupu. Alikuwa amejivika soksi mbili.

"Sasa vua viatu. Na soksi za kweli pia, zote mbili."

Daktari akavuta kigoda, akaketi chini kuliko mgonjwa wake. Dakika nzima hakugusa kitu. Alitazama kucha, nafasi za katikati ya vidole, visigino vilivyokauka na kupasuka, sugu chini ya dole gumba. Akachukua viatu, akavipindua, akaingiza mkono ndani mpaka mwisho. Mguu uliokufa ganzi unaweza kutembea na msumari kutwa nzima bila mwenyewe kujua.

Pamba ndiyo hutangulia. Aliifinyanga ikawa na ncha, akaigusisha kwanza kifuani mwa mzee ili aijue, kisha akamwambia afumbe macho na aseme "ndiyo" kila akiguswa. Hapo nilianza kuuona ufundi. Haulizi "unasikia?", kwa kuwa swali lenyewe huwa limeshamnong'oneza mgonjwa kwamba kuna kitu. Anagusa bila kupapasa, maana kupapasa hutekenya, na mtekenyo ni habari nyingine. Anagusa mara mbili haraka, kisha anakaa kimya, kisha mara moja. Katika kimya kile mzee alisema "ndiyo" ingawa hakuna kilichomgusa. Daktari alitabasamu, akaanza upya kutoka dole gumba.

Uzi wa nailoni una hesabu yake. Ukiubonyeza kwenye ngozi hukaza, na unapofika uzito wa gramu 10 hupinda, kwa hiyo mkono mzito na mkono mwepesi hutoa mbonyeo uleule. Wazo hilo ni la zamani: mwanafiziolojia Max von Frey alipima ngozi kwa nywele katika miaka ya 1890, na baadaye Wamarekani Josephine Semmes na Sidney Weinstein wakaweka nailoni mahali pa unywele. Daktari huubonyeza kwa sekunde moja au mbili tu, pembeni mwa sugu na si juu yake. Kwenye unyayo wa mzee uzi ulipinda mara sita. Alisema "ndiyo" mara mbili.

Kisha kijiti cha meno. Hiki hakianzii palipo pazima. Kinaanzia kidoleni, penye ganzi, na kupanda juu kwa hatua za upana wa kidole. "Niambie kinapokuwa kikali, mzee." Vidole, kimya. Mgongo wa mguu, kimya. Vidole viwili juu ya kifundo: "Hapo!" Akatia nukta ya kalamu. Akarudia upande wa ndani, wa nje, nyuma, kisha mguu wa pili. Nukta zilipokamilika zilifanya duara kuzunguka kila mguu, kwa urefu unaolingana, vidole viwili tu juu ya mstari ambao mzee alikuwa ameuchora mwenyewe kwenye karatasi.

Uma ulikuja mwisho wa vipimo vya ngozi, na nakiri kwamba ndio nilioupenda. Hutetema mara 128 kwa sekunde. Anaupiga kwenye nyama ya kiganja chake mwenyewe, kamwe si mezani, kisha anasimamisha kitako chake kwenye mfupa wa kifua cha mgonjwa: "Huku ndiko kutetema. Umekuelewa?" Ndipo anauhamishia kwenye mfupa wa dole gumba, nyuma kidogo ya ukucha. Mara nyingine huubana meno kwa siri ili usitetemeke, aone kama ataambiwa ukweli. Mzee alisema umetulia. Daktari akauondoa na kuuweka kwenye kidole gumba cha mkono wake, macho yameelekea dirishani kama mnunuzi wa nazi anayeitikisa sikioni. Nilihesabu moyoni. Kufika 12 ulikuwa bado unatetema.

Akiwa bado ameushika, aliulaza ubapa juu ya mguu: chuma kile kile sasa kinapima baridi. Hapo kuna maana kubwa. Mtetemo husafiri katika nyuzi nene za neva, zinazokimbia mita 50 na zaidi kwa sekunde. Joto na maumivu ya kuungua husafiri katika nyuzi nyembamba, na zilizo nyembamba kabisa hutembea mita moja hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu asiye na haraka. Ndiyo maana ukijigonga kidole unajua kwanza kwamba umejigonga, halafu ndipo maumivu yanakufikia. Ugonjwa unaweza kuzila nyembamba na kuziacha nene. Mgonjwa wa namna hiyo huwaka moto usiku kucha, huku uma ukimpa majibu mazuri na nyundo pia. Hata ile mashine ambayo haipo Tanga ingemwambia ni mzima, kwa kuwa inasoma nyuzi nene tu. Nimekutana na watu walioambiwa wanajifanya kwa sababu ya karatasi ya mashine hiyo. Kijiti na chuma baridi vingewatetea.

Nyundo ilimaliza. Kano iliyo juu ya kisigino ilipigwa kwa kudondosha nyundo tu, bila nguvu, mguu haukuruka. "Fumbata vidole vyako, uvute kama unataka kuviachanisha," akasema, hila ambayo daktari wa Hungaria, Ernő Jendrassik, aliieleza mwaka 1885, maana mwili ukishughulishwa juu huachia huku chini. Haukuruka tena. Lakini hakulishangilia jambo hilo. Kwa umri ule, alinieleza baadaye, kano ya kisigino inaweza kunyamaza bila ugonjwa wowote. Aliliandika, akalipa uzito mdogo.

Kwa nini soksi? Neva inayofika kidole cha mguu inaanzia kiunoni, urefu wa mita moja hivi, na mahitaji yake hutengenezwa kule juu na kusafirishwa mpaka chini. Tunaoishi mwisho wa bomba la mtaa tunaelewa: maji yakipungua, nyumba ya mwisho ndiyo hukauka kwanza. Ganzi ikipanda mpaka karibu na goti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza, kwa kuwa nazo sasa zimo katika urefu huo huo.

Uchoraji huu wa ngozi ulimgharimu mtu damu. Mwingereza Henry Head, ambaye mwaka 1900 alikuwa amechapisha ramani ya maeneo ya neva akiongozwa na malengelenge ya mkanda wa jeshi, mwaka 1903 alikubali neva mbili za mkono wake wa kushoto zikatwe, kisha kwa miaka akawa anakwenda Cambridge, anafumba macho, na rafiki yake W. H. R. Rivers anampima kwa pamba, sindano, baridi na joto. Kinachonigusa zaidi ni ile miaka, kuliko kisu.

Mama wa mkanda wa jeshi aliingia ameshika kanga mbali na ubavu kwa vidole viwili. Malengelenge yalikuwa yamepona miezi mitano nyuma, maumivu yamebaki. Jina letu la ugonjwa huu ni kipimo tosha: ni mkanda, tena nusu mkanda. Virusi vya tetekuwanga, vilivyojificha kwa miaka kando ya uti wa mgongo, huamka na kufuata njia ya neva moja, upande mmoja, na huishia katikati ya mwili kama vile kuna mpaka. Daktari alitazama makovu yakitoka mgongoni hadi usawa wa kitovu, akajua ni neva gani. Kipimo kilikuwa kimoja. Aliipitisha pamba hewani, akaishusha polepole, na mama akaruka kabla haijatulia. Kitu kilekile ambacho mzee hakukisikia, kwa mama huyu ni kaa la moto. "Pole, mama. Sirudii." Na hakurudia.

Mgonjwa wa uso hakuguswa kabisa. Alikuwa mama wa makamo, mdomo ameubana, anazungumza kwa upande mmoja. Daktari alisubiri na kutazama. Katikati ya sentensi mama alinyamaza ghafla, shavu la kulia likakunjamana, mkono ukapanda kuelekea usoni na kusimama hewani bila kugusa. Sekunde chache. Kisha machozi, kisha akaendelea kama aliyekatishwa na simu. Shoti ya sekunde mpaka dakika mbili, inayoamshwa na upepo, mswaki au tonge, na kuacha uso mzima katikati ya mashambulizi: hiyo ni neva ya uso yenye matawi matatu, na daktari wa London, John Fothergill, aliieleza vizuri mwaka 1773. Mara nyingi kuna mshipa wa damu unaoigandamiza kwenye shina lake. Dawa yake ya kwanza ni karbamazepini. Mama alikuwa na mapengo matatu upande ule. Shangazi yangu mimi aling'olewa mawili, sehemu ambayo sitaitaja, kabla ya mtu mmoja kumuuliza kama maumivu humwamsha usiku na kama huwanga kwa saa nyingi, kama jino, au hupiga na kuondoka.

Alhamisi ya tatu aliletwa mvuvi kijana.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba, mwanangu. Chora kwanza."

Mstari wake ulitoka kiwiko cha kulia mpaka kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Aliambiwa ni uzito wa nyavu. Daktari alimpa kipande cha karatasi akibane kati ya vidole hivyo viwili, akakivuta. Kilitoka kama kimepakwa mafuta. Mkono wa kushoto ulikishikilia mpaka kikachanika.

Kisha akashika kiwiko. Kuna mfereji nyuma yake, kati ya mifupa miwili, pale ambapo ukijigonga hupigwa shoti mpaka kidoleni. Vidole vyake viwili viliingia humo na kuiviringisha neva taratibu, na macho yake hayakutazama kiwiko hata kidogo. Yalitazama uso wa kijana, kwa kuwa kope husema maumivu kabla ya mdomo. Akaenda kushoto, akarudi kulia, tena kushoto. Mimi pembeni nilikuwa nimeshaingiza vidole kwenye kiwiko changu: uzi mwembamba unaoteleza. Nikamwona ananitazama; akaniita kwa kichwa, kijana akaridhia, nikagusa. Ilikuwa nene kama kamba ya juya.

Akamgeuzia shingo upande, akapapasa chini ya sikio. Akashuka hadi pembeni ya goti. Akasema, "Vua shati, mwanangu." Mgongoni kulikuwa na baka lililofifia, ukubwa wa kiganja, halimwashi, hajui lilianza lini. Pamba iligusa pembeni: ndiyo. Ikagusa katikati: kimya.

Ukoma hauvai soksi. Hupenda mahali pa baridi, kwa hiyo huchagua neva zinazopita karibu na ngozi, moja hapa, moja kule, na kuzinenepesha. Vidole vilivyofunzwa huukuta bila umeme na bila damu. Daktari alivuta kiti karibu na kushusha sauti. "Huu ni ukoma, mwanangu. Unatibika. Dawa ni bure, za miezi, si za maisha. Na hii neva imevimba, tutaipa dawa yake leo, ili mkono usije ukalala." Alisubiri mpaka kijana akauliza swali lake la kwanza. Lilikuwa kuhusu mtoto wake. Walikaa dakika 20, na foleni nje ikanung'unika.

Mzee seremala alirudi Alhamisi ya mwisho na mfuko wa nailoni. Alikuwa ameagizwa alete kila dawa aliyonayo nyumbani, na daktari alizimwaga zote mezani. Nilidhani kesi yake imekwisha: kisukari, soksi mbili, basi. Yeye hakuwa amemaliza. Soksi hizo huvaliwa na wengi: pombe ya miaka, VVU, dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi isipoandamana na vitamini B6, upungufu wa B12. Aliuliza moja baada ya jingine. Kisha akainua pakiti ya metformini, dawa nzuri ya kisukari ambayo ikitumiwa kwa miaka huweza kuupunguzia mwili B12. "Tangu lini, mzee?" "Tangu mwanzo, dokta."

Aliandika kipimo cha damu. Kabla ya kumwandikia amitriptilini ya usiku, dozi ndogo, alimuuliza kuhusu moyo na kuhusu mkojo, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuvisumbua vyote viwili kwa mtu mzima. Kwenye kadi, mstari wa kwanza, aliandika kisukari. Mstari wa pili aliandika B12, akaweka alama ya kuuliza.

Ukiwa na safari ya kwenda kuonwa kwa maumivu ya namna hii, beba dawa zako zote, hata zile za kienyeji. Kabla ya kutoka nyumbani, chukua kalamu uweke alama pale yanapoanzia na pale yanapoishia. Na ukifika, vua soksi zote mbili.